Hesabu Iliyongoja Miaka 134



Siku ile nilipopata diplome, watu wa nyumbani walinimwagia pudre kichwani mpaka koti yangu ya kuazima ikakuwa nyeupe kabisa. Si mnajua vile inakuwaka. Wamama wa kartye walipika mchele, sombe na nyama ya mbuzi. Baba mdogo, ambaye njo alilipa minervali yangu tangu mwaka wa kwanza, akasimama na kuuliza mbele ya watu wote: "Sasa mtoto wangu, hiyo memwari yako ilikuwa juu ya nini?" Nikajibu kwamba niliandika juu ya tatizo la miili mitatu. Akangoja. Nikaongeza: jua moja, sayari moja na kitu kidogo, vinavyovutana angani. Akauliza tena, kwa upole kabisa: "Na hiyo inaleta franka ngapi?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, juu ya kukosa jibu.

Leo ninarudi ku swali lile kwa sababu si langu tena peke yangu. Mdogo wangu wa kike iko mwaka wa pili ku hesabu na fizikia. Juzi aliniandikia kwamba anataka kuacha, aingie ku kitu "chenye faida", kwa sababu baba mdogo ameanza kumuuliza swali lile lile. Aliniomba mawazo. Kila mara nilipoanza kumjibu ku telefoni, nilifuta. Kwa hiyo nimeamua kuandika hapa historia moja ninayoijua vizuri, ile ya vitu vidogo vya barafu vinavyotembea njia moja na sayari kubwa ya Jupita, na watu waliovipata. Asome na nyinyi msome.

Tuanzie Berlin, mwaka 1772. Kule kulikuwa mwanahesabu mmoja, Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Torino kule Italia. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alikuwa amemwita mwaka 1766 ashike nafasi ya Euler ku Akademi ya Berlin. Akademi ya sayansi ya Paris nayo ilikuwa na desturi ya kutoa swali gumu na zawadi kwa mwenye kujibu vizuri. Swali la miaka ile lilihusu mwendo wa Mwezi, na nyuma ya Mwezi kulikuwa tatizo kubwa zaidi: miili mitatu inayovutana.

Kwa wale ambao hawakusoma fizikia, mambo iko hivi. Kama angani kuna vitu viwili tu, tuseme Jua na sayari moja, Newton alishatupa jibu zima. Ukijua leo viko wapi na vinaenda mbio kiasi gani, unaweza kusema vitakuwa wapi hata baada ya miaka elfu. Lakini ukiongeza kitu cha tatu, kila kimoja kinavuta viwili vingine wakati vyenyewe vinahama, na hesabu inakuwa kama kutengeneza wavu ambao samaki bado anaukata. Jibu moja la jumla, lenye fomula fupi ya kutumika kwa hali zote, halikupatikana.

Lagrange hakulipata pia. Alichofanya ni kujiuliza swali dogo zaidi: je, kuna hali za pekee ambamo vitu vitatu vinaweza kutembea pamoja bila umbo lao kuvunjika? Akaona kwamba ziko. Euler alikuwa ameshapata zile ambamo vitu vyote vitatu viko ku mstari mmoja. Lagrange akaongeza nyingine: weka vitu vitatu ku pembe za pembetatu yenye pande sawa, uvipe mwendo unaofaa, na pembetatu nzima itazunguka kama gurudumu, pande zake zikibaki sawa siku zote.

Chukua karatasi, uchore. Weka Jua huku, Jupita kule. Kisha chora pembetatu yenye pande sawa, Jua likiwa pembe moja na Jupita pembe ya pili. Pembe ya tatu inaangukia juu ya njia ile ile ya Jupita, nyuzi 60 mbele yake, maana yake sehemu moja ya sita ya duara. Unaweza kuchora ingine nyuma yake, nyuzi 60 vilevile. Hizo njo sehemu mbili ambazo leo tunaziita L4 na L5, kwa heshima ya herufi ya kwanza ya jina lake.

Paris walimpa zawadi ya mwaka 1772, akaigawana na Euler. Lakini sikieni sehemu inayonigusa. Lagrange mwenyewe hakufikiri kwamba pembetatu yake iko mahali popote angani. Aliihesabu kama jambo la kupendeza akili tu. Hakuna sayari iliyojulikana wakati ule iliyokaa hivyo. Kama baba mdogo angelikuwa Paris siku ile na kumuuliza inaleta nini, sidhani kama Lagrange angelikuwa na jibu bora kuliko langu. Alikufa mwaka 1813, pembetatu ikiwa bado ku karatasi.

Mwaka 1843 Mfaransa mmoja, Gabriel Gascheau, akaongeza kitu. Alijiuliza: kama kitu cha tatu kikisukumwa kidogo kutoka ku pembe yake, kitarudi au kitapotea? Akaonyesha kwamba kitabaki karibu, mradi mwili mkubwa uwapite wengine kwa uzito karibu mara 25 au zaidi. Sasa Jua linaipita Jupita kwa uzito mara zaidi ya elfu moja. Maana yake kitu kidogo kilichokaa pale hakihitaji kusimama ku pembe kabisa. Kinaweza kuzungukazunguka pale kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu: anakula huku, anakula kule, lakini kigingi kinamrudisha. Hesabu ilikuwa tayari. Kilichobaki ni mtu wa kumuona huyo mbuzi.

Hapa tunahama kutoka kwa wanaopiga hesabu kwenda kwa wanaokesha usiku.

Zamani, mtu aliyetafuta asteroidi alitumia jicho ku darubini. Alilinganisha nyota alizoziona na ramani, moja kwa moja, akitafuta ile iliyozidi. Kazi ya kuumiza macho. Max Wolf, Mjerumani wa mji wa Heidelberg, akaleta njia ingine: picha. Aliweka kioo chenye dawa ya picha ku darubini, akaacha mwanga uingie kwa saa nyingi, darubini ikifuata nyota polepole. Nyota zilitoka kama nukta. Asteroidi, kwa sababu inahama katikati ya nyota, ilitoka kama mstari mdogo. Desemba 1891 alipata asteroidi ya kwanza kupatikana kwa njia hiyo. Aliipa jina Brucia, kwa kumshukuru Catherine Wolfe Bruce, mama mmoja tajiri wa New York ambaye alimpatia dola 10,000 za kujenga darubini mpya. Nisimame hapo kidogo: mama huyo hakuwa mwanasayansi. Alitoa pesa kwa kitu ambacho hakikumletea faida yoyote. Kuna watu wa namna hiyo pia ndani ya historia hii, na bila wao hakuna kinachosonga. Baba mdogo alilipa minervali yangu miaka yote ile. Simdharau hata kidogo.

Tarehe 22 Februari 1906, juu ya kilima cha Königstuhl kinachotazama mji wa Heidelberg, Wolf alipiga picha iliyokuwa na alama ya kitu kinachoenda polepole kuliko asteroidi za kawaida. Polepole maana yake mbali. Adolf Berberich, mtaalamu wa Berlin, akapiga hesabu ya njia yake, na njia ikatoka ya ajabu: kitu kile kilikuwa mbali na Jua karibu sawa na Jupita yenyewe, ambayo iko kilomita milioni 778 na inachukua karibu miaka 12 kuzunguka Jua mara moja. Asteroidi inafanya nini ku njia ya Jupita? Ilitakiwa ivutwe, itupwe mbali au imezwe.

Mtu aliyetoa jibu hakuwa Heidelberg wala Berlin. Alikuwa Lund, kule Sweden: Carl Charlier, mtaalamu wa mwendo wa vitu vya angani. Alitazama namba na kuona kwamba kitu kipya kiko mbele ya Jupita kwa nyuzi karibu 55 na nusu. Si 60 kamili, lakini mbuzi wetu ana kamba. Charlier alikuwa amesoma Lagrange. Akatambua kwamba pembetatu ya mwaka 1772 iko angani kweli.

Hesabuni wenyewe: kutoka 1772 mpaka 1906 ni miaka 134. Ku kizazi cha wale walioshi kwa kufanya kazi ya mikono, ni watoto wa watoto wa watoto. Karatasi iliyoandikwa bila kuombwa na mtu ilikaa ndani ya vitabu muda huo wote, na siku ambayo kioo cha picha kilihitaji maelezo, maelezo yalikuwa yameshaandikwa.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. August Kopff, aliyefanya kazi pamoja na Wolf kule kule Heidelberg, akapata kingine tarehe 17 Oktoba 1906, safari hii nyuma ya Jupita, ku pembetatu ya pili. Februari 1907 akapata cha tatu, mbele. Majina yakahitajika. Johann Palisa wa Vienna, mzee wa kutafuta asteroidi kwa jicho, akatoa wazo la kuchukua majina ya watu wa vita vya Troya, vile Wagiriki wa kale walivyovisimulia. Cha kwanza kikaitwa Achilles, cha pili Patroclus, cha tatu Hektor. Njo maana kundi zima linaitwa Watroya mpaka leo.

Baadaye ikapangwa kwamba walio mbele ya Jupita wapewe majina ya Wagiriki, na walio nyuma wapewe majina ya watu wa Troya. Lakini majina matatu ya kwanza yalikuwa yameshatolewa. Kwa hiyo Hektor, shujaa mkubwa wa Troya, iko ndani ya kambi ya Wagiriki, na Patroclus, rafiki wa Achilles, iko ndani ya kambi ya Troya. Wanaastronomia wanapenda kusema kwamba hao wawili ni wapelelezi. Na kwa sisi Waafrika kuna jina moja la kutafuta ndani ya kambi ya nyuma: Memnon. Ndani ya hadithi za Wagiriki alikuwa mfalme wa Waethiopia aliyekuja kusaidia Troya. Leo ni asteroidi namba 2895.

Sasa nataka niwape upande mwingine wa historia hii, ule ambao hausimuliwi sana, kwa sababu naogopa mdogo wangu asifikiri kwamba ninamuuzia utamu mtupu.

Wolf hakuwa mtu wa kwanza kumuona Mtroya. Mwaka 1904, zaidi ya mwaka mmoja mbele yake, Edward Emerson Barnard alikuwa ku kituo cha Yerkes, kule Marekani, akitumia darubini kubwa yenye lenzi ya mita moja. Barnard alikuwa mmoja wa watu wenye macho makali kuliko wote wa wakati wake. Alikulia ndani ya umaskini kule Nashville, na akiwa na miaka tisa alianza kufanya kazi ku studio ya picha ili kusaidia mama yake. Usiku ule aliangalia upande wa Saturn, ambako mwezi mpya, Phoebe, ulikuwa umetangazwa miaka michache mbele yake. Akaona nukta. Akapima mahali pake, akaandika. Alidhani ni ule mwezi Phoebe, ao labda asteroidi, akaendelea na kazi.

Nukta ile ilikuwa Mtroya. Ilitambuliwa mwaka 1999, wakati asteroidi moja ilipogunduliwa na njia yake ikahesabiwa kurudi nyuma mpaka kwa usiku ule wa 1904. Miaka 95. Barnard alikuwa amekufa tangu 1923, bila kujua.

Nilipokuwa mwanafunzi, historia ya Barnard ilinikasirisha. Mtu alikuwa na darubini bora, macho bora, bidii ya kutosha, na kitu kilikuwa mbele yake. Alikosa nini? Alikosa mtu wa kumwambia: angalia, hapo kuna njia, hapo panaweza kuwa na kitu. Pembetatu ya Lagrange ilikuwa ndani ya vitabu, lakini haikukutana na nukta ya Barnard. Kule Heidelberg, picha ilipita kwa Berberich, namba za Berberich zikafika kwa Charlier, na Charlier alikuwa na Lagrange kichwani. Kazi ilipita mikono minne, ndani ya nchi tatu na karne mbili. Ku Yerkes ilibaki mkono mmoja.

Lakini leo ninaisoma tofauti. Barnard aliandika. Aliandika mahali pa nukta, tarehe na saa, kwa usahihi, hata kama hakujua ni nini. Kama asingeliandika, mwaka 1999 hakuna mtu angeliijua. Ndani ya vyuo vyetu, ni data ngapi tumezitupa? Namba za mvua, vipimo vya maji ya ziwa, majibu ya maabara yaliyoandikwa ku daftari la asistanti kisha daftari likatumika kufungia karanga sokoni? Memwari zetu zinakaa ku makabati ambayo hakuna anayefungua. Ninajua, kwa sababu yangu iko kule, na mara ya mwisho nilipoiomba nilikuta panya wameshaanza kurasa za mwisho, zile zenye jedwali.

Turudi kwa vitu vyenyewe, kwa sababu bado sijasema ni nini.

Leo Watroya wa Jupita wanaojulikana wamepita elfu kumi. Kwa rangi ni weusi sana. Nyingi kati yao zinarudisha asilimia tano hivi tu ya mwanga wa Jua, weusi wa makala. Kwa muda mrefu watu waliwaona kama mawe meusi, basi. Mwaka 2001, darubini ya Gemini kule Hawaii ilionyesha kwamba Patroclus si kitu kimoja. Ni vitu viwili karibu sawa kwa ukubwa, kila kimoja na upana wa kilomita mia moja na kidogo, vinazungukana kwa siku nne na saa chache. Mwenzake akapewa jina Menoetius, ambaye ndani ya hadithi ni baba ya Patroclus.

Vitu viwili vikizungukana, unaweza kuvipima uzito, na hapo ni Newton tena, hata bila Lagrange. Mwaka 2006 kikundi cha Franck Marchis kilitangaza kwamba uzito wa Patroclus kwa ujazo ni 0.8 tu ya ule wa maji. Vipimo vya baadaye vilisogeza namba hiyo kidogo, lakini bado iko karibu na maji. Jiwe la kawaida ni mara mbili na nusu mpaka mara tatu ya maji. Kwa hiyo hicho si jiwe. Chini ya ngozi ile nyeusi kunafikiriwa kuwa barafu nyingi pamoja na nafasi tupu, kitu chenye udugu na nyotamkia kuliko na mawe ya karibu na Jua.

Barafu hiyo ilifikaje pale? Mwaka 2005 wanasayansi wanne, Tsiganis, Gomes, Morbidelli na Levison, walitoa maelezo yanayoitwa modeli ya Nice, kwa jina la mji wa Ufaransa. Wanasema kwamba zamani sana sayari kubwa hazikukaa mahali ziko leo. Zilihama. Wakati wa kuhama zilitawanya vitu vya barafu kutoka mbali, na vingine vikanaswa ndani ya zile pembetatu mbili za Jupita, vikabaki. Kama iko vile, basi Watroya ni mabaki ya kitu kilichojenga sayari, yaliyohifadhiwa baridi miaka zaidi ya bilioni nne. Na Jupita si peke yake. Mwaka 2001 ilipatikana Mtroya wa kwanza wa Neptune, na mwaka 2010 ukapatikana hata mmoja wa dunia yetu.

Harold Levison yule yule njo kiongozi wa safari ya kwanza kwenda kwa Watroya wa Jupita. Chombo kiliondoka Florida tarehe 16 Oktoba 2021, na jina lake ni Lucy. Jina limetoka Afrika, au tuseme limepita Afrika: Lucy ni mifupa ya yule bibi wa miaka milioni 3.2 aliyepatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Wachimbaji walimwita hivyo kwa ajili ya wimbo wa Beatles uliokuwa unapigwa kambini. Waethiopia wanamwita Dinkinesh, kwa Kiamhari "wewe ni wa ajabu". Mifupa ile ilitufundisha tulikotoka sisi watu. Watroya wanategemewa kutufundisha sayari zilikotoka.

Chombo hakikuenda bila shida. Paneli zake mbili za kuchukua mwanga wa Jua, kila moja na upana wa zaidi ya mita saba, zilifunguka, lakini moja haikujifunga mpaka mwisho. Wahandisi walihangaika miezi mingi kuivuta, mpaka ikatosha kuendelea. Novemba 2023 Lucy ikapita karibu na asteroidi ndogo iliyopewa jina Dinkinesh, ikakuta ina mwezi, na mwezi wenyewe ni mawe mawili yaliyogusana. Wakauita Selam, amani. Agosti 2027 itafika kwa Mtroya wa kwanza, Eurybates, mbele ya Jupita. Mwaka 2033, kama yote yataenda sawa, itafika kwa Patroclus na Menoetius, nyuma. Itapita kutoka kambi moja mpaka ingine ya ile pembetatu iliyochorwa Berlin mwaka 1772.

Sasa mdogo wangu, nikujibu.

Sitakuambia ubaki ku hesabu kwa sababu zitaleta pesa. Ningelikudanganya, na wewe unaniona: asubuhi ninafundisha ku shule ya sekondari ambapo wazazi wanalipa wanapoweza, na mchana ninauza mayuniti na kutuma pesa ku kibanda. Lagrange alilipwa na mfalme. Wolf alipata mama wa New York. Mimi na wewe tuna baba mdogo, na mfuko wake una mwisho. Kama utaamua kwenda ku kitu kingine ili nyumba ikule, hautakuwa umefanya kosa, na nitakutetea mbele ya kila mtu.

Lakini usiende kwa sababu umeambiwa kwamba hesabu hazina faida. Hilo si kweli, na historia hii inaonyesha namna si kweli. Pembetatu ya Lagrange, ile ya kupendeza akili, leo inaongoza chombo angani. Sehemu nyingine ya hesabu zile, ile ya mstari mmoja ya Euler, njo imewapa mahali pa kuweka darubini ya James Webb, kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa. Faida ilikuwemo. Ilichelewa tu, na ilimpita mwenye kuianza. Swali si kama ina faida. Swali ni kama wewe, kwa maisha uliyo nayo, unaweza kubeba mzigo wa faida itakayokuja kwa wengine. Hilo njo swali gumu, na hakuna baba mdogo wala kaka anayeweza kukujibia.

Na ukibaki, usifanye kazi ya mkono mmoja. Tafuta Berberich wako, tafuta Charlier wako. Kama hawako ku oditwari yako, labda wako Lubumbashi, Kisangani, Kigali ao Nairobi. Andika vipimo vyako hata kama haujui ni vya nini, weka tarehe na saa, na usiache panya wavisome kabla ya watu.

Kwa nyinyi wengine wa chama, nina ombi moja lisilohitaji pesa nyingi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao ninarudi ku maktaba na telefoni yangu kupiga picha ya memwari yangu, ukurasa kwa ukurasa, kabla haijaisha. Mwenye yake iko kabati lile lile aniambie namba na mwaka, nitaipiga pia. Baba mdogo ameshasikia mpango huo. Ameuliza itachukua siku ngapi, na kama nina chaji ya kutosha.